Watakatifu Saba, Beseni Moja

Jumatatu, 9 Septemba

Padre ametangaza rasmi. Baba Askofu anakuja Jumapili. Hapiti njiani, anakuja hasa: misa, kuzunguka kanisa zima, chakula. Na Jumatatu yake kamati ya parokia inakaa kuamua kama mimi ni sakristani wa kudumu au nilikuwa sakristani. Mwaka wangu wa majaribio unaisha. Kazi hii ndiyo nyumba yetu: vyumba viwili nyuma ya kanisa, bomba la maji mlangoni, mke mmoja, watoto wanne. Nikiikosa, tunahama. Kwenda wapi, sijui. Mke wangu naye hajui, ndiyo maana halizungumzi.

Mshindani wangu ni Katekista. Mwenyewe haitaki kazi, anamtakia mpwa wake. Mpwa ana miaka thelathini, na kazi yake kubwa mpaka leo ni kuwa mpwa.

Lakini nina mpango. Ukutani tuna sanamu saba za watakatifu, za mti, urefu wa mtu. Nitazing'arisha mpaka Baba Askofu aione sura yake humo. Mpwa hawezi hilo. Mpwa hata viatu vyake having'arishi.

Mchongaji wa zamani alizichonga zote kwa mti wa aina moja, na inaelekea kwa wazo moja pia. Wanaume watano wana ndevu zilezile. Wanawake wawili wana mtandio uleule. Hakuandika majina. Padre husema hapakuwa na haja, alama ndiyo jina: ukiona mtakatifu ameshika nini, umemjua. Kila alama imechongwa peke yake na kuchomekwa kwenye tundu ngumini. Matundu yote yana upana mmoja. Fundi alikuwa na keekee moja, maskini.

Nimechomoa alama zote saba. Nimezitia kwenye beseni moja, maji ya moto na sabuni ya unga. Mke wangu alipita na ndoo, akashauri nichomoe moja, nisafishe, nirudishe, ndipo nichomoe nyingine. Nikamwambia mwenye wageni saba hachemshi birika saba. Akanitazama. Akaenda zake.

Zimetakata! Kesho nazirudisha. Kazi ya nusu saa.

Jumanne, 10 Septemba

Si kazi ya nusu saa.

Nimesimama mbele ya beseni asubuhi nzima. Funguo. Upanga. Ua la shina refu. Gurudumu. Kitu kama wavu wa dirishani. Sahani yenye mayai mawili. Na koti limekunjwa. Vyote vya mti, vyote safi, na sikumbuki hata kimoja kilikuwa cha nani.

Miezi kumi na moja nimezipangusa sanamu hizi kila wiki! Lakini kusema ukweli nilikuwa natazama vumbi. Watakatifu wenyewe sikuwatazama.

Kuuliza? Ng'o. Nikimuuliza Padre, atajua. Nikimuuliza Katekista, kamati itajua kabla sijafunga mdomo. Nikimuuliza mke wangu, atasema kuhusu birika. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nikakaa kwenye benchi nikatumia zangu.

Nimegundua kanuni: kila mtakatifu ameshika kifaa cha kazi yake au cha mahali alipo. Baada ya hapo mambo yakaenda yenyewe.

Funguo ni za Petro, hata mtoto anajua. Petro ni yupi? Mwenye upara. Mtu aliyekabidhiwa funguo za mbinguni lazima nywele zimtoke kwa wasiwasi. Ilinisumbua kidogo kwamba Petro huyohuyo alimkata mtu sikio, kwa hiyo upanga nao ni wake. Lakini ngumi ni moja. Upanga nikampa yule aliye mkabala naye, mwenye nywele nyingi, anaonekana mgomvi.

Yule wa mlango wa sakristia nimempa koti. Sakristia ndipo tunapotundika nguo. Yule wa karibu na kitubio nimempa wavu, kwa sababu kidirisha cha kitubio kina wavu na huu ni wa akiba. Wa mlango mkubwa nimempa gurudumu, maana baiskeli zote zinaegeshwa pale nje. Wakabaki wanawake wawili. Mmoja yuko upande wa kwaya: huyu amechukua mayai. Waimbaji hunywa mayai mabichi kwa ajili ya koo, hilo linajulikana. Mwingine, wa mbele upande wa kina mama, nikampa ua. Mwanamke na ua, kuna la kujadili?

Kisha nikawapaka wote rangi ya viatu, ya kahawia. Makopo matano. Wanang'aa kama wamepakwa mafuta ya harusi!

Alasiri akaja Bibi wa Benchi la Kwanza. Anakuja kila siku. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, haoni ila kivuli, na miaka miwili sasa anakataa kupasuliwa. Padre amembembeleza, mwanawe amembembeleza, hataki. Akamwendea yule mwanamke wa mbele, akapapasa mkono wake kama kawaida. Akasimama. Akapapasa tena, ua zima, kutoka shina mpaka juu. Akaanza kulia.

Nikaenda mbio, nikidhani nimekwisha. Akanishika mkono, akaniita mjukuu wangu. Akasema Mtakatifu Lusia ameweka chini macho yake. Miaka yote alikuwa ameyashika kwenye sahani, leo hayapo, basi ameyatoa yaende kwa mtu, na mtu mwenyewe anamjua. Akasema kesho anamwambia mwanawe ampeleke hospitali.

Kwa hiyo yale hayakuwa mayai.

Nimemkabidhi fimbo yake, nimemsindikiza mpaka mlangoni. Kiganja chake kilikuwa cha kahawia. Sikumwambia.

Jumatano, 11 Septemba

Sikulala vizuri. Macho kwenye sahani! Nani anabeba macho yake kwenye sahani? Na siwezi kumrudishia Lusia. Bibi amekubali kupasuliwa, tarehe imepangwa, Jumatano ijayo. Nikirudisha sahani leo, Bibi atapapasa, atakuta macho yamerudi kwa mwenyewe, na safari ya hospitali imekufa. Lusia akae na ua.

Lakini nimeingiwa na shaka kuhusu wengine. Usilolijua ni kama usiku wa giza, na mimi nina giza la watu sita. Nikabuni njia ya kumuuliza Padre bila kumuuliza. Nikamkuta anakunywa chai, nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayefikiria jambo kubwa, kwamba ingekuwa vizuri watoto wajue alama za watakatifu wetu. Nilitegemea atazitaja, moja baada ya nyingine, nami nishike kichwani.

Hakutaja hata moja. Aliweka kikombe chini akasema hilo ni wazo zuri kuliko yote aliyosikia mwaka huu. Akamwita Katekista palepale. Akamwagiza aandae watoto, Jumapili baada ya misa wamtembeze Baba Askofu, sanamu kwa sanamu, wamweleze alama ya kila mmoja na maana yake.

Katekista akaniuliza, akitabasamu, ni nani aliyetoa wazo hili. Padre akanionyesha mimi. Katekista akasema hongera. Sijawahi kuchukia neno hilo hivyo.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimeziba mwanya wa kwanza wa kugundulika. Nimetoa vitambaa vya zambarau vya Kwaresima, nimewafunika watakatifu wote saba toka kichwani mpaka miguuni. Padre akauliza kulikoni. Nikasema rangi inakauka, isiguswe na vumbi mpaka Jumapili. Akasema haya. Katekista akauliza rangi gani inayokauka siku nne. Nikamjibu kitaalamu kwamba inategemea na mti. Akanitazama kwa dharau, akaenda darasani.

Kwa hiyo mazoezi ya watoto yanafanyika darasani, kwa kitabu. Hakuna anayeona kitu. Nashukuru.

Mwanya wa pili: daftari la Katekista. Ameandika humo alama zote. Leo watoto walipotoka kwenda kucheza, naye akawafuata kuwagombeza, nikaingia darasani na ufagio. Nilisoma ukurasa mmoja tu, ule wa mwanzo, kabla hajarudi. Umeandikwa hivi: "Watakatifu wengi hushika kile kilichowaua."

Lo!

Nilifagia darasa zima ili nipate kufikiri. Upanga unaua, sawa. Gurudumu likikukanyaga linaua. Lakini nani aliuawa na ua? Na koti? Mjomba wangu alikufa baada ya kula mayai, na hakuwa mtakatifu hata kidogo. Kanuni ya Katekista haisimami. Ya kwangu inasimama, ukiondoa hayo macho. Nimeamua kubaki na ya kwangu.

Katekista aliporudi alikuta sakafu safi na daftari limefungwa. Nililiacha wazi, alisema. Nikamwambia upepo.

Ijumaa, 13 Septemba

Mpwa amekuja kanisani, kwa mara ya kwanza siku ya kazi. Alizunguka na mikono mfukoni. Alisimama mbele ya nyumba yangu akatazama paa. Kisha akamuuliza mke wangu kama vyumba vinapata jua asubuhi.

Mke wangu alimjibu vizuri, kwa heshima zote. Akaingia ndani, akakaa kitandani, mikono magotini, muda mrefu. Nikamwambia asiwe na hofu, mambo yote nimeyadhibiti. Akasema hilo ndilo analoliogopa.

Iliniuma. Sitaki kuandika zaidi leo.

Jumamosi, 14 Septemba

Siku ya kazi nyingi. Nimesafisha vinara, nimebadilisha mishumaa, nimeng'arisha chetezo, nimekata kucha. Alasiri nzima nilikuwa chumbani najifunza hotuba fupi, endapo Baba Askofu ataniuliza habari za sanamu. Mtu hajui.

Mke wangu alikuwa kanisani tangu mchana. Alisema vitambaa vya zambarau vina madoa ya kahawia, haviwezi kumpokea Askofu. Akavivua, akavifua, akavianika, akavipiga pasi, akavirudisha. Alipoingia ndani mikono yake ilikuwa ya kahawia mpaka kwenye viwiko. Alisema mambo mengi kuhusu watakatifu, kwamba ameshamaliza, na kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba angependa mara moja tu niulize. Nilikuwa katikati ya aya ya pili ya hotuba. Nikasema ndiyo, ndiyo, ahsante mama watoto.

Nilipotoka kuchota maji nilimwona Katekista akitoka kanisani na bunda la funguo za milango. Alinisalimia vizuri mno. Anapanga nini huyu?

Jumapili, 15 Septemba, asubuhi

Naandika haraka. Saa kumi na mbili nimeingia kanisani kukagua. Nikainua kona ya kitambaa cha kwanza.

Mwenye upara ana upanga! Funguo amepewa yule mgomvi! Nikakimbia kwa wa pili, wa tatu. Vyote vimebadilishwa. Wa mlango wa sakristia amenyang'anywa koti, ameshikishwa ua. Mwanaume, ua! Mwanamke wa kwaya ana gurudumu, kana kwamba atatengeneza baiskeli katikati ya wimbo wa Utukufu.

Katekista. Nilimwona kwa macho yangu na funguo mkononi. Amekuja kuniharibia mbele ya Askofu ili mpwa wake apate jua la asubuhi kwenye vyumba vyangu. Mwenye macho haambiwi tazama!

Adui yako akipanga kushoto, sahihi ni kulia. Dakika kumi na tano nimemaliza, kila kitu kimerudi nilivyokiweka. Vitambaa juu. Mke wangu hayupo, amekwenda kumchukua Bibi kwa mwanawe. Laiti angeniona.

Jumapili, mchana

Nitaeleza kwa utaratibu.

Misa ilikwenda vizuri. Chetezo kilitoa moshi wa kutosha, Baba Askofu alikohoa mara mbili tu. Baada ya baraka Padre akatangaza watoto. Wakatoka kumi, sare, mikono nyuma. Katekista mbele yao, anang'aa kuliko sanamu. Mimi nikavuta vitambaa, kimoja kimoja, kama nilivyojizoeza.

Watu wakasema aah! Kwa sababu ya rangi, na hiyo ni haki yangu.

Mtoto wa kwanza akamwendea yule mwenye nywele. Akasema kwa sauti kubwa: huyu ni Mtakatifu Petro, na ameshika... Akatazama. Akamtazama Katekista. Akatazama tena. Akasema ameshika upanga, kwa sababu funguo zimepotea ikabidi avunje mlango.

Mtu nyuma akacheka. Yule mtoto ana akili sana, atafika mbali.

Baba Askofu akagusa mguu wa Petro. Akatazama kiganja chake. Akakipangusa, bila kufikiri, kwenye nguo yake nyeupe. Sikuweza kutazama pengine popote ila pale.

Kwa yule wa sakristia alikwenda msichana mdogo kuliko wote. Akasema huyu ni Mtakatifu Yosefu, ameshika ua. Baba Askofu akainama, akamuuliza kwa upole lile lililo mkononi ni nini hasa. Mtoto akasema ni koti. Baba Askofu akasema tulitazame pamoja. Akalitazama. Mtoto naye akalitazama. Lina vidole, akasema mtoto. Lina uso. Kisha akapiga yowe ambalo, nimeambiwa, lilisikika mpaka sokoni.

Lile halikuwa koti. Ni ngozi ya mtu mzima, imechunwa yote pamoja na uso. Nimeiosha kwa sabuni. Nikaiita koti!

Baba Askofu akauliza anayetunza sanamu hizi ni nani. Hapo ndipo mtu mwingine angejificha. Mimi nilijitokeza, nikakohoa, nikatoa hotuba. Nilieleza kanuni yangu kwa ufasaha. Wavu wa akiba wa kitubio. Gurudumu na baiskeli. Nilipofika kwenye mayai na koo za waimbaji, mwalimu wa kwaya alikuwa ameficha uso ndani ya kitabu cha nyimbo, na mabega yake yanatikisika. Kanisa zima likaangua kicheko. Padre alifumba macho. Katekista hakucheka, na hilo liliniogopesha zaidi. Alikuwa anatazama upande wa nyumba yangu.

Nilibaki nimesimama. Nilifikiria bomba la maji mlangoni na watoto wangu wakibeba vyombo barabarani, na nilitaka kulia mbele ya watu wote.

Ndipo mke wangu akatoka kwenye benchi. Alimwacha Bibi, akajifunga khanga kiunoni, akaja mbele, akapiga goti mbele ya altare. Akamwomba Baba Askofu ruhusa. Kisha akaanza kuchomoa.

Hakuwa na daftari. Alikwenda kwa kila mmoja na kusema maneno machache, kwa sauti ileile anayotumia kuwaita watoto kula. Petro alikabidhiwa funguo, arudishiwe. Huyu mwenye upara ni Paulo, walimkata kichwa kwa upanga. Katarina wa hapa karibu na kwaya walimwandalia gurudumu la kumvunja mifupa, likavunjika lenyewe. Laurenti wa mlangoni walimlaza juu ya wavu wa kuchomea, moto chini yake. Bartolomayo wa kitubioni walimchuna akiwa hai, na hii ni ngozi yake, si nguo ya mtu. Lusia walimng'oa macho. Wote hawa ukimtoa Petro, akasema, wameshika kilichowaumiza, na hakuna aliyekificha nyuma ya mgongo ili watu wasione. Sikuelewa kwa nini hapo alinitazama mimi.

Akafika kwa Yosefu mwisho. Akasema huyu hakuuawa, na ua lake ni la moyo safi. Akasema anamfahamu kuliko wote, kwa sababu mwaka ule mume wake hana kazi alikuwa akisimama hapa kila siku kumwomba seremala amwombee mume wake apate kazi ya mikono. Akachomeka ua. Akaongeza kwamba pengine ilimpasa kutaja ni kazi ya mikono ya aina gani.

Hakuna aliyecheka. Baba Askofu akamuuliza mke wangu aliyajifunza wapi haya. Akasema alipokuwa msichana hakujua kusoma, bibi yake alimfundisha palepale ukutani, kwa sanamu hizihizi.

Kisha nikamkumbuka Bibi. Lusia alikuwa ameshika macho yake tena, mbele ya watu mia tatu, na kila mtu alikwisha jua kwamba ua liliwekwa na mimi. Nilimwendea benchi la kwanza nikapiga magoti. Nikamwambia bibi nisamehe, haikuwa ishara, ilikuwa mimi. Niliogopa kuliko nilivyomwogopa Askofu. Bibi akanipapasa kichwa kama anavyopapasa sanamu. Akasema kama Lusia ameweza kumtumia mtu kama mimi, basi kweli ni mtakatifu. Jumatano yake iko palepale.

Nyumbani nilimuuliza mke wangu kwa nini hakuniambia jana. Akasema aliniambia.

Jumatatu, 16 Septemba

Kamati ilikaa saa tatu, ikamaliza saa tatu na robo. Padre alikuja mwenyewe mlangoni na barua. Niliifungua palepale. Imeandikwa kwamba parokia imepata sakristani wa kudumu, mwaminifu na mwenye ujuzi, ataendelea kuishi katika nyumba iliyoko nyuma ya kanisa. Nikamkumbatia Padre. Akajitoa taratibu, akaniomba niisome mpaka juu, pale palipoandikwa jina.

Barua ni ya mke wangu.

Nililia. Nilisema ni moshi wa ubani, lakini hakukuwa na ubani. Nyumba imebaki. Watoto walirukaruka kitandani mpaka ubao mmoja ukakatika, na sikuwagombeza. Mke wangu aliisoma barua mara tatu, akaiweka chini ya godoro, akaenda kufungua kanisa. Alikuwa anaimba. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu mwaka ule sina kazi.

Kazi yangu sasa ni msaidizi wa sakristani. Kipengele cha pili cha barua kinasema msaidizi asiguse sanamu.

Jumapili, 22 Septemba

Bibi amekuja na bandeji jicho moja, lingine limeshafunguliwa na linaona. Alikwenda moja kwa moja kwa Lusia, bila fimbo, akasimama akamtazama usoni, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Akaitazama na sahani. Akamwambia mke wangu kwamba aliazimwa macho, na ameyatumia, na mwenyewe amerudishiwa. Kisha akanitazama mimi. Akasema alikuwa akinidhania mrefu zaidi.

Alhamisi, 26 Septemba

Mke wangu amempeleka Bibi hospitali kukaguliwa, watarudi jioni. Jumapili ni mara yake ya kwanza kuandaa misa kubwa peke yake, na nataka akute kitu cha kumfurahisha. Nimewaza. Nimepata.

Njia ya Msalaba! Vibao kumi na vinne vya kuchonga, vinazunguka kuta zote, vina vumbi la miaka. Na barua inasema nisiguse sanamu. Hivi si sanamu, ni vibao.

Nimevishusha vyote kumi na vinne. Safari hii nimekuwa mwangalifu: kwanza nimevigeuza kutazama nyuma. Kila kimoja kimeandikwa namba kwa penseli, moja mpaka kumi na nne. Mchongaji huyu alikuwa na akili. Kisha nimevipiga msasa, mbele kidogo, nyuma sana, maana nyuma ndiko kulikokuwa na uchafu. Vimetakata kama vipya.

Kuvirudisha hakukunisumbua, mambo yanajieleza. Yesu kuzikwa nimekiweka kwanza, ndicho kilicho karibu na mlango wa kwenda makaburini. Kuhukumiwa nimekiweka karibu na kitubio. Kuvuliwa nguo, mlango wa sakristia. Vipo vitatu anavyoanguka, na vinafanana kabisa. Hivyo nimevitundika pamoja, kimoja chini ya kingine, ili watu wapige magoti mara moja tu na yaishe. Wazee watanishukuru.

Sikuhitaji kumuuliza mtu. Namsikia mke wangu anaingia getini.